Ukiitiwa Mwizi na Hukuiba: Mwongozo wa Kutoka Salama, Kuanzia Mtaani Hadi Mahakamani

Karibu kila wiki naulizwa maswali yaleyale. Nikiitiwa mwizi nikimbie au nisimame? Nikimkuta mtu anapigwa, nimwokoeje bila na mimi kuitwa mwenzake? Ndugu yangu kawekwa ndani kwa jambo asilolifanya, naanzia wapi? La mwisho huja miezi kadhaa baadaye, kwa sauti ya chini: nimeachiwa, ila mtaani bado naitwa kibaka, nifanyeje?

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata moja ya pembezoni mwa Dar es Salaam. Si wakili, na siruhusiwi kusimama mahakamani kukutetea, lakini mabenchi ya vituo vya polisi na ya Mahakama ya Mwanzo nimeyakalia vya kutosha. Nimechoka kujibu kwa ujumbe wa sauti usiku wa manane, kwa hiyo nimeandika.

Haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za jinai, na huko mtu wa kwanza kumtafuta ni sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lako.

Nadharia nitakupa kiduchu tu. Magazeti yetu yamezoea kuandika "aliuawa na wananchi wenye hasira kali". Sheria hailijui kundi hilo. Inajua watu, mmoja mmoja, na wakiua kwa kusudio la pamoja kila aliyeshiriki anaweza kusimama kizimbani kwa mauaji, ambayo adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa. Aliyeleta tairi na aliyeleta petroli hawako nje ya hesabu hiyo kwa sababu tu hawakuwasha kiberiti. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, kisha anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kuhukumu hakuruhusiwi. Na Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Basi, tuingie kazini.

Vya kuwa navyo kabla hayajatokea

- Kitambulisho cha NIDA, au angalau namba yake kichwani.
- Namba mbili za simu za watu wako, kichwani pia. Simu ndiyo kitu cha kwanza kupotea kwenye vurugu, na kituoni haitakuwa mkononi mwako.
- Namba ya mjumbe wako, ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na ya polisi kata. Namba ya dharura ya polisi ni 112.
- Kwa bodaboda: reflekta yenye namba na jina la kijiwe chako. Nje ya eneo lenu, hiyo ndiyo sura yako.
- Karatasi ya mauziano ya kila kitu ulichonunua mkononi, hasa simu. Andikeni tarehe, bei, majina, namba ya NIDA ya muuzaji, na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu (piga *#06# itajitokeza). Msaini wote, na shahidi asaini. Nimeona vijana wengi wakilala ndani kwa sababu ya simu ya elfu themanini waliyonunua kijiweni kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Ukikutwa na mali iliyoibwa karibuni, ni wewe utakayetakiwa kueleza umeipataje.
- Ukienda kijiji cha watu kikazi: barua ya utambulisho, kisha fika kwa mtendaji wa kijiji *kwanza*, saini kitabu cha wageni, omba mwenyeji wa kutembea naye.

Hilo la mwisho usilidharau. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa udongo kutoka kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na umati na gari lao likachomwa moto. Walikuwa kwenye kazi halali ya serikali. Mtu aliogopa, akapiga kelele kwamba wanyonya damu wamefika, taarifa ikatangazwa kwa kipaza sauti, ikawa imekwisha. Mumiani, hao wanyonya damu, ni hofu ya zamani sana kwetu na hupanda tena kila zinapovuma habari za watoto kupotea. Umati huo ulikuwa unaua mgeni ambaye hakuna aliyemjua kwa jina. Kumbuka neno hilo, jina, kwa sababu hatua nyingi zinazofuata zinalizunguka.

Kidole kikikuelekea wewe

1. Simama. Najua miguu itataka vingine. Mbio zako ndizo ushahidi wa kwanza wanaoupata, na wanaokufukuza huongezeka kila nyumba unayoipita, wengi wao bila kujua hata kilichoibwa. Kuna hali moja tu ya kuondoka: hakuna aliyekushika bado, na unaona kwa macho kituo cha polisi, ofisi ya serikali ya mtaa, msikiti, kanisa, au duka lenye nondo na mtu anayekufahamu. Nenda kwa hatua ndefu, usikimbie, huku ukisema kwa sauti, "Naenda kituoni, nifuateni."

2. Mikono ionekane, viganja wazi. Usiingize mkono mfukoni hata kama unatafuta kitambulisho. Wa nyuma atasema unatoa kisu, wa pembeni atasema unatupa simu.

3. Taja jina lako lote, unapokaa na mtu wa eneo lile anayekujua. "Naitwa fulani bin fulani, nakaa mtaa fulani, mjumbe wangu fulani, muulizeni Mama fulani wa genge." Rudia. Mtu mwenye jina, mama na mjumbe ni mzito kumpiga jiwe.

4. Usiombe msamaha. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote. Sisi Waswahili tukizidiwa tunasema "nisameheni jamani" hata kwa jambo tusilolifanya. Ni adabu tuliyolelewa nayo. Umati husikia kitu kimoja tu: amekiri. Vivyo hivyo "nitalipa". Badala yake sema, "Sijaiba. Nipelekeni kituoni."

5. Mtafute mlalamikaji. "Nani kaibiwa? Kaibiwa nini? Aje hapa mbele." Mara nyingi aliyepiga kelele ya kwanza yuko mita hamsini nyuma na waliokushika hawajawahi kumwona. Mwenye mali akifika, kelele hushuka, maana sasa kuna mtu wa kuulizwa.

6. Wakitaka kukupekua, kubali kupekuliwa na mtu mmoja, mbele ya mtu mzima asiyehusika, ikiwezekana ndani ya ofisi ya mtaa. Mikono kumi mfukoni mwako inaweza kutoa kitu, na inaweza kuweka kitu.

7. Kipigo kikianza, usirudishe hata kofi. Shuka chini, jikunje, kidevu kifuani, mikono ifunike kisogo na masikio, mgongo uelekee ukutani kama ukuta upo. Endelea kutaja jina lako.

Dereva aliyegonga mtu na kuona watu wanakusanyika na mawe, aendeshe moja kwa moja hadi kituo cha karibu na kutoa taarifa hapo hapo. Asipitie nyumbani. Akipitia nyumbani amekuwa mtoro.

Ukimkuta mwingine ndiye anayepigwa

8. Piga 112 na polisi kata kabla hujasogea. Taja alama inayoonekana: shule, kituo cha daladala, mnara wa simu. "Huku kwetu karibu na kwa Mangi" haitawafikisha.

9. Usiingie ukisema "mwacheni, hana kosa". Hujui kama hana, na wao wanajua kwamba hujui. Ndani ya sekunde tatu utakuwa mwenzake. Ingia kwa maswali, kama mtu anayetaka kazi ifanyike vizuri: "Kaiba nini? Mwenye mali yuko wapi? Mali imepatikana? Atasemaje mali ilipo akishakufa?" Swali hilo la mwisho limewahi kunisaidia kuliko Katiba yote. Mwenye pikipiki iliyoibwa anataka pikipiki yake, na hapo unampata mshirika mwenye sauti kuliko yako.

10. Tafuta watu wazima. Imamu, mchungaji, mama lishe wa pale, mwenyekiti wa kijiwe. Kijana mwenye tofali mkononi hatakusikia wewe, lakini bibi wa mtaa akimwambia, "Mjukuu wangu, weka chini hilo," kuna kitu hulegea. Msalimie mtu mzima kwanza, mwambie kwa ufupi, umwachie aseme. Umri ni silaha ambayo hatuitumii.

11. Wape kazi. Umati ambao hauna kazi hupiga. "Wewe na wewe mshikeni mikono, wewe tafuta bajaji, mwenye mali panda naye, twende kituoni." Wakishatembea, wengi watabaki nyuma. Kama kituo kiko mbali, ofisi ya serikali ya mtaa inatosha. Mkishaingia, mlango ufungwe na mtu azungumze nao dirishani.

12. Ukiona tairi au dumu la petroli linaletwa, shughulika na dumu, si na umati. Mjue aliyelibeba na umwite kwa jina lake mbele ya watu: "Fulani, umekuja na petroli? Sote tumekuona." Ukiona hali imeshakushinda, rudi nyuma. Sikuandikii hapa ili tukuzike wewe.

Kuhusu kurekodi: video ya nyuso za wapigaji ni ushahidi, ihifadhi na uipeleke polisi. Video ya mtuhumiwa anayevuja damu ukiirusha kwenye magrupu, umeendeleza kipigo kwa njia nyingine.

13. Aliyejeruhiwa aende hospitali na PF3. Hiyo ni fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza kueleza majeraha. Kama anavuja damu, amepoteza fahamu au ameungua, mgawane: mmoja ampeleke hospitali, mwingine akafuate fomu kituoni. Palipoungua pooza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika ishirini, bila dawa ya meno wala mafuta. Na aliyechapwa sana akaonekana mzima, mwangalieni mkojo wake siku mbili zinazofuata. Ukitoka mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, figo zinaumia, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Watu wamekufa kitandani kwao siku ya tatu, familia ikishukuru Mungu kwamba aliponea.

Kituoni

Ukifika kituoni umeokoka na umati. Sasa inaanza vita ya karatasi, ambayo ni ya polepole na ndiyo inayowafunga watu.

14. Uliza umekamatwa kwa kosa gani. Ni haki yako kuambiwa. Ndugu wanaofuatilia waombe namba ya RB, yaani namba ya taarifa iliyofunguliwa kwenye kitabu cha kituo, waandike, na waandike pia jina la askari mpelelezi. Bila namba hiyo utazungushwa kila dirisha.

15. Kama umepigwa, sema wakati huo huo, kabla hujaingizwa mahabusu, na uombe PF3. Ndugu wapige picha za majeraha zikiwa na tarehe. Nawe una haki ya kufungua malalamiko dhidi ya waliokupiga, hata kama wao ndio waliokuleta. Watu wengi hawalijui hili: kesi yako ya wizi na kesi yao ya shambulio ni vitabu viwili tofauti.

16. Maelezo ya onyo. Simama hapa, soma taratibu. Kabla ya kuandikwa, askari anatakiwa kukueleza kwamba hulazimiki kusema chochote, kwamba utakachosema kinaweza kutumika mahakamani, na kwamba una haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kukuhoji ni saa nne tangu ukamatwe, na kuongezwa kwake kuna utaratibu. Kwa hiyo kariri saa uliyokamatwa. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda yamewahi kutupwa na mahakama mara nyingi.

Ukiamua kuongea, sema jambo moja bila kupamba: ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi. Usikisie. "Sikumbuki" ni jibu halali. Yakishaandikwa, yasome mwenyewe neno kwa neno, au yasomwe kwa sauti mbele ya ndugu yako kama kusoma ni shida. Pakikosewa, dai parekebishwe. Dole gumba lina uzito uleule wa saini, na nimekutana na wazee waliodhani wanaweka dole ili warudishiwe baiskeli.

Ukipelekwa kwa mlinzi wa amani, huyo ni hakimu anayeandika ungamo. Hapo ndipo mahali pa kusema kama ulipigwa au kutishwa, na kuonyesha majeraha. Usiogope kwa sababu askari yuko nje ya mlango.

17. Upekuzi nyumbani. Mjumbe au jirani asiyehusika awepo. Vitu vinavyochukuliwa viorodheshwe, na orodha isainiwe na wewe na shahidi. Usisaini orodha yenye kitu ambacho hakikutoka kwako, na usikubali "tutajaza baadaye".

18. Dhamana. Kama kosa linadhaminika na hujapelekwa mahakamani ndani ya saa 24, dai dhamana ya polisi. Ni bure. Nitarudia kwa herufi za kutosha: DHAMANA HAIUZWI. Mdhamini aje na kitambulisho, picha ndogo na barua ya serikali ya mtaa wake. Makosa kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana, na ndiyo maana inakubidi kujua umeandikiwa kosa gani hasa. Wizi wa kawaida na unyang'anyi wa silaha ni mbingu na ardhi, hata kama simu ni ileile moja.

Mahakamani

19. Shtaka likisomwa, kama hukutenda, jibu ni "si kweli". Mahabusu utakutana na washauri watakaokuambia, "Kubali tu, utapigwa faini, uende zako." Ukijibu "ni kweli" umefunga karibu kila mlango wa rufaa: utabaki kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Kijana mmoja niliyemfuatilia alikubali Jumatatu ili awahi harusi ya dada yake Jumamosi. Harusi ilimpita akiwa gerezani.

20. Ulikuwa mahali pengine? Sheria inakutaka utoe taarifa ya utetezi huo mapema, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au angalau maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga. Usiutunze kama karata ya mwisho. Tafuta vinavyosema muda: daftari la mahudhurio kazini, muamala wa M-Pesa, tiketi ya basi, kadi ya kliniki. Vikusanye wiki hiyo hiyo, maana kamera ya duka haitakusubiri.

21. Kwenye maelezo ya awali ya kesi utasomewa mambo na kuulizwa yapi unayakubali. Jina lako na unapokaa, sawa. Jambo usilolijua usilikubali ili kumridhisha mtu.

22. Wahoji mashahidi. Kesi nyingi za kusingiziwa, au za kufananishwa, husimama kwa shahidi mmoja anayesema "nilimwona". Tangu 1980 Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba utambuzi wa kuona kwa macho uchunguzwe hadi uwezekano wa kukosea uondoke. Maswali yako basi yawe hayo hayo: Ulinitazama kwa muda gani? Umbali gani? Mwanga ulitoka wapi, taa ya aina gani, upande upi? Ulinijua kabla? Ulinitaja kwa nani kwanza, na lini? Kama aliwaambia polisi "sikuwatambua" kisha leo anakujua hadi kovu, muulize. Jambo zito usilolihoji linaweza kuhesabiwa kwamba umelikubali. Na usigombane na shahidi. Hakimu anaandika majibu, haandiki hasira yako.

23. Ukishindwa, siku zinahesabiwa. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kutoka ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Ukiwa gerezani, mwambie askari magereza siku ya kwanza kwamba unakata rufaa.

Kulirudisha jina

24. Kwanza jua umetokaje. "Kuachiwa huru" baada ya kesi kusikilizwa ni tofauti na kesi kuondolewa. Kesi iliyoondolewa inaweza kurudishwa, kwa hiyo usitupe karatasi zako.

25. Chukua nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri, peleka serikali ya mtaa, na uombe jambo lisemwe kwenye mkutano wa hadhara. Wengine huona aibu. Jina lako lilichafuliwa kwa sauti kubwa, halitasafishwa kwa kunong'ona.

26. Hatua dhidi ya aliyekusingizia. Kumpa mtumishi wa umma taarifa unayojua ni ya uongo ni kosa la jinai. Kuchapisha uongo mtandaoni kunaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kwa upande wa madai unaweza kudai fidia ya kashfa, au ya kushtakiwa kwa hila, ndani ya miaka mitatu. Hiyo ya pili ni ngumu: uthibitishe kwamba ulishtakiwa, kesi iliisha kwa faida yako, hapakuwa na sababu ya msingi, mwenzako alikuwa na nia mbaya, na ulipata hasara. Aliyekufananisha kwa moyo safi hutamshinda, na nadhani ni sawa. Mtu akiogopa kushtakiwa kwa kila kosa la macho, hakuna atakayetoa taarifa polisi, na tutarudi kwenye tairi.

Yakikwama

*Kituo kinakataa kufungua malalamiko yangu.* Panda ngazi: mkuu wa kituo, kisha mkuu wa polisi wa wilaya, kwa barua, ukibaki na nakala iliyogongwa "imepokelewa". Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko.

*Wameniomba hela ya dhamana.* TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, ni bure kupiga.

*Sina hela ya wakili.* Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ni kwa ajili yako. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Chama cha Wanasheria Tanganyika hutoa msaada au kukuelekeza. Vijijini, anzia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri uulizie wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

*Mlalamikaji anataka tumalizane nyumbani.* Kwa jambo dogo inawezekana, lakini karatasi isiandikwe "amekiri na ameomba msamaha". Iandikwe kwamba mlalamikaji hana dai. Na ipelekwe kituoni, maana kesi ikishafunguliwa si yenu wawili tena.

*Aliyekamatwa ni mtoto.* Chini ya miaka 18 ni Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mwite afisa ustawi wa jamii na mzazi kabla hajaandikwa neno lolote, na msikubali achanganywe na watu wazima mahabusu.

*Mama yangu anatuhumiwa uchawi.* Hapa usisubiri mpaka watu wakusanyike. Katika mikoa kama Shinyanga, Mwanza, Geita na Simiyu, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu ambayo chanzo chake ni moshi wa miaka hamsini wa kuni na samadi jikoni. Wenzetu wa Kilifi, Kenya, wanawaua wazee kwa mvi. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, ambayo iko tangu 1928. Mhamishe mama usiku huo kwa ndugu, bila kutangaza anakokwenda. Asubuhi fungua RB kwa majina ya waliotamka. Kisha chunguza kuna shamba gani au urithi gani nyuma yake, maana mara nyingi ndipo panapoanzia, na hilo likae kwenye maelezo yako.

*Picha yangu inazunguka na neno "mwizi".* Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya aliyeituma, tarehe na saa, kabla hajaifuta. Usijibu kwenye grupu. Peleka kituoni ukiwa na hukumu au RB yako, na umwombe msimamizi wa grupu aitoe. Nimeona wengine wakitoa picha ndani ya dakika tano baada ya kutumiwa ukurasa wa kwanza wa hukumu, na wengine wakisubiri hadi walipoitwa kituoni.

*Nirudi kuishi palepale?* Tuma mtu kwanza. Mjumbe akikubali kutembea na wewe mchana, nyumba kwa nyumba, kuanzia kwa yule aliyepiga kelele, rudi. Akisita, mpe mwezi mmoja na uulize tena.